Taa na Swali Darasani

Katika madarasa mengi ya siku hizi kipindi cha mwisho kabla ya mtihani hugeuka kuwa mchezo. Ukutani huonekana mraba mkubwa uliogawanywa visanduku, na katika kila kisanduku imeandikwa hesabu ya alama: 100, 200, 300, mpaka 500. Wanafunzi wamegawanyika pande mbili. Upande mmoja huchagua kisanduku, mwalimu hubonyeza, kisanduku hufunguka na swali hutokea; anayewahi kuinua mkono hujibu, na alama huandikwa kwa upande wake. Kelele za darasa hilo husikika mpaka ofisini kwa mwalimu mkuu, ambaye aghalabu hajui kama yampasa akasirike au afurahi.

Mchezo huo hudhaniwa kuwa ni mtoto wa kompyuta. Hapana shaka kompyuta imeulea, lakini haikuuzaa. Wazazi wake ni wawili, wote wazee sana, ambao kwa muda wa karne tatu waliishi mbalimbali. Mmoja ni taa ya picha, iliyoitwa zamani taa ya mazingaombwe, ambayo jina lake la leo ni slaidi. Wa pili ni swali la mashindano. Tabia za wazazi hawa hazifanani hata kidogo, maana kazi ya taa ni kuonyesha na kazi ya swali ni kuficha, na mwalimu aliyeitumia taa akasahau swali alipata mara nyingi darasa tulivu lisilojifunza kitu.

Katika mwaka 1658 Comenius, mwalimu aliyezaliwa Moravia, alichapisha mjini Nuremberg kitabu cha watoto ambacho kila somo lake lilikuwa na picha, na chini ya picha maneno ya Kilatini na ya Kijerumani. Alishika rai kwamba akilini hakuingii kitu ambacho hakikupita kwanza katika hisi. Mwaka uliofuata, 1659, mtaalamu wa Kiholanzi, Christiaan Huygens, alichora kiunzi cha mifupa ya mtu kinachokivua kichwa chake na kukirudisha shingoni. Michoro ile ilikuwa ya kutiwa katika chombo chenye taa na lenzi, na ndiyo habari ya mapema kabisa ijulikanayo ya taa ya picha. Huygens alikuwa mtu wa nyota na wa saa. Ndiye aliyetambua kwamba sayari ya Zohali imezungukwa na pete, na ndiye aliyebuni saa ya pendulamu. Taa aliiona kuwa ni upuuzi. Baba yake alipomtaka katika mwaka 1662 apeleke taa moja Paris ionyeshwe katika jumba la mfalme wa Ufaransa, mwana aliona haya kukataa na aliona haya zaidi kukubali. Akamwandikia ndugu yake aliyekuwa Paris aondoe lenzi moja kwa siri ili chombo kisifanye kazi. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuihofia taa hiyo, kwamba ingemfanya mwenye elimu aonekane mcheza mazingaombwe, ni yule yule aliyeibuni.

Hofu yake ilikuwa na msingi. Kwa zaidi ya miaka mia taa ilizunguka Ulaya migongoni mwa watembezi waliokwenda kijiji kwa kijiji kuonyesha mashetani na mizimu kwa malipo ya senti chache. Ilipofika katikati ya Afrika ilikuwa katika mizigo ya David Livingstone, yule ambaye maiti yake ilichukuliwa na Chuma na Susi na wenzao mpaka Bagamoyo, ikafika huko katika mwaka 1874. Mwezi wa Januari 1854 Livingstone alikuwa mgeni wa mtawala Shinte, katika nchi ya Walunda kwenye sehemu za juu za mto Zambezi. Shinte alitamani kuiona taa ambayo habari zake zilikuwa zimekwisha mfikia. Usiku ulipoingia wakaja wakubwa wa baraza na wanawake wa nyumba ya mtawala, na picha ya kwanza iliyotokea ilikuwa ya Ibrahimu ameinua kisu kumchinja mwanawe. Livingstone alimtaja mwana huyo kuwa ni Isaka. Vyuoni mwa pwani hutajwa kuwa ni Ismaili. Watu katika picha walikuwa na kimo cha watu hai. Wanawake walisikiliza kimya maelezo yote. Lakini mgeni alipoisogeza picha ili aiondoe, kisu kilielekea upande wao, nao wakaona kwamba sasa zamu ni yao. Wakapiga yowe la kumwita mama, wakakimbia wakipigana vikumbo, wakaangukia vibanda vya mizimu na miti ya tumbaku, na usiku ule hakurudi hata mmoja.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kwa kuchekesha watu. Wasimuliaji husahau sehemu yake ya pili, ambayo Livingstone mwenyewe aliiandika kwa makini. Shinte hakuondoka. Alikaa mpaka mwisho, kisha akakiendea chombo akakichunguza kwa hamu. Livingstone aliandika pia kwamba kila alipoionyesha taa aliongeza maelezo ya namna inavyofanya kazi, ili asije mtu akadhani kwamba mna uchawi ndani yake, na kwamba katika njia zake zote za kufundisha hii ndiyo peke yake ambayo watu walimwomba airudie. Wengine walitoka mbali kuja kuitazama. Mwalimu yeyote angejivunia sifa hiyo. Walakini, katika usiku ule wa Januari, aliyejifunza zaidi yamkini alikuwa Shinte, kwa sababu wengine waliitazama picha, naye aliondoka na habari ya taa.

Katika miaka iliyofuata taa ilipata heshima ambayo Huygens hakuitazamia. Ndugu wawili wa Philadelphia, William na Frederick Langenheim, walifaulu kutia picha za kamera juu ya kioo na kupata hati ya ubunifu wao katika mwaka 1850, na tangu hapo picha ya taa haikuwa tena mchoro wa mkono bali ushahidi wa jambo lililokuwapo. Mwanga wa mafuta ulibadilishwa kwa mwanga wa chokaa iliyochomwa kwa gesi, ukang'aa kiasi cha kutosha ukumbi wa mamia ya watu. Jumba la Royal Polytechnic la London, lililofunguliwa mwaka 1838, lilivuta watu kwa picha zilizoyeyukiana moja katika nyingine. Mtaalamu wa nyota, tabibu, mpiga mbizi, mhubiri wa kupinga ulevi, kila mmoja alikuwa na sanduku lake la vioo.

Serikali nazo zikaiona. Wizara ya Makoloni ya Uingereza iliunda katika mwaka 1902 kamati ya mafunzo ya picha, na mtu aliyeongoza fikira zake alikuwa Halford Mackinder, bingwa wa jiografia. Nia yake ilikuwa ya namna mbili: watoto wa makoloni waonyeshwe Uingereza, na watoto wa Uingereza waonyeshwe makoloni. Mchoraji mmoja, Hugh Fisher, alitumwa tangu mwaka 1907 kuzunguka nchi za dola na kamera. Masomo yaliandikwa kwao, yakachapishwa, yakauzwa pamoja na vioo, na kazi ya mwalimu ikawa kusoma ukurasa na kubadilisha kioo panapoonyeshwa alama. Picha zilikuwa nzuri. Mackinder alitaka mtoto afundishwe kuona kwa jicho la akili nchi asiyoifikia, na hilo si lengo dogo. Lakini ukumbi ulikuwa na giza, maneno yalikuwa yamekwisha kuandikwa, na hapakuwa na mahali katika kitabu pa kuandikia neno la mtoto. Mtoto wa koloni aliyeonyeshwa bandari ya London na asipewe nafasi ya kuuliza mizigo ile imetoka wapi, alionyeshwa nusu ya bandari.

Yuko mtu mmoja aliyeifanya taa iulize. Heinrich Wölfflin, mwalimu wa historia ya sanaa ambaye alifundisha Berlin kutoka mwaka 1901 mpaka 1912, alisifika kwa kuweka taa mbili. Kanisa la zama moja upande wa kushoto, kanisa la zama nyingine upande wa kulia, naye akisimama gizani pamoja na wanafunzi wake kana kwamba anaziona mara ya kwanza. Picha moja hutangaza. Mbili zilizowekwa kando kwa kando humlazimisha mtazamaji atafute tofauti kabla hajaambiwa. Hakuwa wa kwanza kutumia taa katika somo lile, lakini baada yake vyumba vya kufundishia sanaa vilijengwa vikiwa na taa mbili, vikaendelea hivyo karibu karne nzima.

Swali la mashindano lina nasaba nyingine. Katika shule za Wajesuiti, ambazo kanuni yake ya masomo ilitolewa mwaka 1599, darasa liligawanywa kambi mbili, Roma na Karthago, na kila mwanafunzi alikuwa na mpinzani wake katika kambi ya pili, aliyepewa kazi ya kumsahihisha kila akosapo. Walikuwako majemadari na wakuu wa kumi kumi. Mwanafunzi aliyeshinda alipanda cheo, na aliyeshindwa alishuka. Kambi mbili za darasa la leo, pamoja na kelele zake, zina zaidi ya miaka mia nne. Waliokuwako zamani walilalamika kwamba mashindano hupandikiza wivu, na malalamiko hayo pia hayajabadilika.

Watu wa Afrika ya Mashariki hawakungoja Wajesuiti ili wajue mchezo wa swali. Mtegaji husema, Kitendawili! Wenzake huitika, Tega! Naye hutega: nyumba yangu kubwa haina mlango. Hapo kila mtu hujaribu, mmoja baada ya mwingine, na jibu baya halina adhabu ila kicheko. Wakishindwa wote, mtegaji hatoi jibu. Hutaka apewe mji. Hutajiwa Lamu, akakataa. Hutajiwa Tanga, akakataa. Mpaka apewe mji unaomridhisha, aende huko kwa maneno, ale, anywe, asifiwe, arudi, ndipo aseme kwamba ni yai. Wageni wengi walioandika habari za vitendawili waliuona mji huu kuwa ni pambo la mchezo. Lakini wakati mtegaji akila wali wake wa Mombasa, watoto wote walioshindwa wangali wanatafuta, na aliyekwisha kata tamaa hupata nafasi ya pili. Jibu hucheleweshwa makusudi, tena kwa furaha.

Katika Marekani swali la mashindano lilitoka shuleni likaingia redioni. Mchezo ulioitwa Professor Quiz ulianza mwaka 1936, na wa vyuo vikuu, College Bowl, mwaka 1953. Huo wa pili ulizaa katika Uingereza University Challenge, uliooneshwa mara ya kwanza katika televisheni mwaka 1962. Michezo hii ilikuwa na heshima yake. Mali ilipoingia ndipo mambo yalipoharibika. Mwezi wa Juni 1955 ulianza katika televisheni ya Marekani mchezo ambao mshindi wake aliweza kupata dola 64,000, na watu wakaacha shughuli zao kuutazama. Wengine wakaiga. Mmojawapo wa walioiga uliitwa Twenty-One. Wachezaji walisimama katika vibanda vya kioo, visikioni vyao masikioni, wakikunja uso na kujifuta jasho.

Jasho lile lilikuwa la maigizo. Herbert Stempel, mwanafunzi wa New York mwenye kumbukumbu ya ajabu, alikuwa akipewa maswali na majibu kabla ya mchezo, tena akifundishwa lini asite na lini ajipanguse kipaji. Watazamaji walipomchoka akaambiwa ashindwe. Swali alilotakiwa kulikosa lilikuwa juu ya filamu iliyopata tuzo kuu ya mwaka 1955. Filamu hiyo iliitwa Marty. Stempel alikuwa ameitazama mara tatu na alikuwa akiipenda. Akataja nyingine. Hayo yalikuwa mwezi wa Desemba 1956. Aliyemshinda alikuwa Charles Van Doren, mwalimu wa chuo kikuu cha Columbia, kijana mpole, mwana wa mshairi mashuhuri. Alijipatia dola 129,000, picha yake ikatiwa katika jalada la gazeti la Time mwezi wa Februari 1957, na wazazi wakamtaja kwa watoto wao kuwa ni mfano wa faida ya kusoma. Tarehe 2 Novemba 1959 alisimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani akakiri kwamba naye alikuwa akipewa majibu. Akapoteza kazi yake ya ualimu. Sheria ya kukataza udanganyifu wa namna hiyo ilipitishwa mwaka 1960.

Katika habari ile watu walisikitikia fedha na uongo. Jambo lililowahusu walimu lilipita bila kusemwa sana. Kwa miezi mingi nchi nzima ilimtazama mtu akijifanya anafikiri, ikaamini kwamba inaona elimu. Kama Van Doren angalipewa maswali tu na kuachwa ayatafute majibu kwa vitabu, huenda mchezo ungalikuwa bado udanganyifu, lakini yeye angalijifunza kitu. Walimpa majibu, wakamnyima kazi yake.

Kutoka katika aibu hiyo ulitoka mchezo ambao ndio sura ya mraba wa darasani. Merv Griffin, mtangazaji wa Marekani, alikuwa akisafiri kwa ndege na mkewe Julann, akisema kwamba baada ya kashfa hakuna atakayethubutu tena kuleta mchezo wa maswali. Mkewe akamshauri awape wachezaji majibu waziwazi, watafute maswali. Akampa mfano: 5,280. Griffin akajibu kwa kuuliza, maili moja ina futi ngapi? Mchezo huo, Jeopardy!, ulianza kuonyeshwa tarehe 30 Machi 1964, ukiwa na vichwa sita vya habari na chini ya kila kichwa vidokezo vitano, kila kimoja na bei yake. Jibu likawa halina siri tena, na kazi ya kufikiri ikarudi kwa mchezaji. Walimu wa Marekani hawakuchelewa kuuchukua, kwa kadi na mifuko ya karatasi iliyobandikwa ubaoni.

Taa wakati huo nayo ilikuwa ikiendelea na maisha yake. Vioo vilibadilika kuwa vipande vidogo vya filamu ya rangi. Kampuni ya Kodak ilitoa mwaka 1961 mashine yake yenye gurudumu la picha 80, ikaacha kuitengeneza mwaka 2004. Lililoiua ni programu ya kompyuta. Robert Gaskins aliianza fikira yake katika mwaka 1984, akaitekeleza pamoja na Dennis Austin katika kampuni ndogo ya California, na mwezi wa Aprili 1987 ikauzwa kwa jina la PowerPoint. Haikuwa na rangi, wala haikuangaza ukutani; ilichapa kurasa tu za kuwekwa juu ya projekta. Miezi michache baadaye Microsoft iliinunua kampuni hiyo kwa dola milioni 14. Iliundwa kwa ajili ya watu wa biashara, waliokuwa na haja ya kueleza shauri kwa dakika chache mbele ya wenye mali. Kutoka ofisini ikaingia chuoni, na kutoka chuoni shuleni, ikiwa na tabia zake za ofisini: kichwa cha habari juu, nukta chini yake, na mbele ya kila nukta maneno sita au saba yasiyofika kuwa sentensi.

Madhara ya nukta hizo yalijulikana kwa gharama kubwa. Tarehe 16 Januari 2003, chombo cha angani cha Marekani kilichoitwa Columbia kilipokuwa kikiruka, kipande cha povu kilibanduka kikapiga bawa lake la kushoto. Wahandisi waliwaeleza wakubwa wao kwa slaidi. Kichwa cha slaidi moja kilileta matumaini. Katika mstari wa mwisho kabisa, kwa maandishi madogo, yalikuwamo maneno kwamba kipande kile kilikadiriwa kuwa na ujazo wa inchi 1,920, hali majaribio yaliyotegemewa yalifanywa kwa kipande cha inchi 3. Yaani kilikuwa kikubwa mara 640, na majaribio yale hayakuweza kusema lolote juu yake. Tarehe 1 Februari chombo kilivunjika angani na watu wote saba waliokuwamo wakafa. Halmashauri ya uchunguzi, katika ripoti yake ya mwezi wa Agosti mwaka huo, ililaumu waziwazi desturi ya kuandika mambo ya ufundi kwa slaidi badala ya taarifa kamili. Edward Tufte, mwalimu wa chuo kikuu cha Yale, ndiye aliyeichambua slaidi ile mstari kwa mstari. Haikuwa na uongo. Ilikuwa imewapa wasikilizaji jibu lililopangwa vizuri, hata lile moja lililohitaji kuulizwa likawapita.

Ni vema kusema hapa kwamba taa nayo imesingiziwa sifa. Walimu wengi wamekwisha onyeshwa katika semina slaidi isemayo kwamba mtu hukumbuka asilimia 10 ya ayasomayo, 20 ya ayasikiayo, 30 ya ayaonayo, na kuendelea hivyo, na chini yake jina la Edgar Dale. Dale alichora kweli katika mwaka 1946 umbo la pia kuonyesha namna mbalimbali za kupata maarifa, lakini hakutia hata tarakimu moja. Waliozitia ni wengine, na ukamilifu wa makumi hayo ungetosha kumtia shaka mtu yeyote aliyewahi kusahihisha mitihani.

Tarakimu za kweli ziko, nazo zahusu swali. Mwaka 1939 Herbert Spitzer alitangaza jaribio alilofanya kwa watoto 3,605 wa darasa la sita katika shule za Iowa. Walisoma habari za karanga na za mianzi. Wengine wakaulizwa maswali upesi, wengine baada ya siku au majuma. Walioulizwa mapema ndio waliokumbuka zaidi baadaye, ingawa hawakupewa kusoma tena. Jaribio hilo lilisahauliwa na walimu kwa muda mrefu. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, mjini St. Louis, waliwapa wanafunzi wa chuo habari fupi za kusoma. Kundi moja lilisoma na kurudia, kwa wastani zaidi ya mara 14. Kundi lingine lilisoma mara tatu au nne tu, kisha likafunika karatasi na kuandika mara tatu yale yaliyokumbukwa. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 83, na walioandika asilimia 71. Baada ya juma moja waliorudia kusoma walibakiwa na 40, na walioandika walikuwa na 61. Na walipoulizwa kabla ya hapo, waliotumaini zaidi kwamba watakumbuka walikuwa wale waliorudia kusoma.

Hesabu hizo zaeleza kwa nini taa na swali vilikuwa na haja ya kuoana. Darasa lililoonyeshwa slaidi arobaini hutoka likiwa na asilimia 83 za dakika tano na moyo mkunjufu, na mwalimu naye hutoka akiridhika. Ndoa yenyewe ilifungwa kimya kimya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 PowerPoint iliwawezesha watumiaji kuunganisha slaidi moja na nyingine kwa kubonyeza, na walimu wasiojulikana majina wakagundua kwamba kwa njia hiyo waweza kuujenga mraba wa Jeopardy! wote, kisanduku kwa kisanduku, na kupeana bure. Hakuna kampuni iliyowaagiza. Chombo kilichofanywa kwa kuonyesha kilifundishwa na walimu kuficha.

Mtoto wa ndoa hiyo ana ila zake. Mchezo uliojifunza kwa televisheni umerithi haraka ya televisheni. Mkono wa kwanza ukiinuka, fikira za watu arobaini hukatika. Mtoto anayefikiri polepole hujua kwamba kuna mwenzake mwepesi atakayemwondolea taabu, akaacha kutafuta. Wanorwe walijaribu kutibu sehemu moja ya ila hii. Kutokana na kazi ya Alf Inge Wang katika chuo kikuu cha Trondheim ulitoka Kahoot!, uliotolewa kwa watu wote mwaka 2013, ambamo kila mwanafunzi hujibu kwa simu au kompyuta yake na hakuna anayejibiwa na mwenzake. Hata hivyo alama huongezeka kwa anayewahi, na muziki huhimiza. Tena unataka vifaa na umeme, na shule nyingi haziruhusu simu darasani.

Waalimu wasio na vifaa hivyo huchora mraba ubaoni kwa chaki. Maswali huwa yameandikwa katika daftari, na mwalimu huyasoma kwa sauti, mara mbili, kwa ajili ya walio nyuma. Wengine wao wana desturi ya kutomruhusu mtu ajibu mpaka kila mmoja ameandika jibu lake katika kipande cha karatasi, ndipo mmoja aitwe kwa jina. Kwa muda huo mfupi kelele hukoma, kalamu husikika, na mwalimu hutembea kati ya madawati huku mkono wake umefunika ukurasa wa majibu. Kisha jibu hutolewa, kisanduku kikafutwa kwa kitambaa, na upande wa pili ukachagua.